Shajara ya Mradi wa Kumbukumbu za Kijiji: Machi 2025

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kuhakikisha kwamba kila uamuzi unaofanywa kwa jina la wanakijiji unaandikwa kwa lugha inayoeleweka, unabandikwa mahali penye kupitwa na watu, na unafuatiliwa mwezi hadi mwezi mpaka utekelezwe au wanakijiji wenyewe waamue kuuacha. Kijiji chetu kiko kwenye bonde la Mto Mkondoa, Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Ni kijiji cha wakulima wa mahindi na mpunga, chenye wafugaji wa siku nyingi na wengine waliohamia karibuni, na chenye miradi inayosogea kwa nguvu za wananchi pale fedha za serikali zinapochelewa. Shajara ya mwezi huu ni ndefu kuliko ya Februari kwa sababu Machi ndio mwezi wa mkutano mkuu wa robo, na karibu kila jambo lililokuwa linasubiri lilipelekwa mbele ya mkutano huo.

Mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano uliitishwa Jumamosi, tarehe 15 Machi. Kwa kawaida mikutano yetu huanza alasiri, watu wakishatoka shambani, lakini safari hii halmashauri ya kijiji iliuweka asubuhi kwa kuwa Waislamu walikuwa katika mfungo wa Ramadhani na Wakristo wengi walikuwa wameanza Kwaresima. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana mahudhurio yalikuwa mazuri hata kwa vitongoji vilivyo ng'ambo ya mto, ambavyo mvua ikishaanza huwa vinakosa kuwakilishwa.

Huu ndio mkutano wa kwanza ambao uongozi uliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 umesoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wananchi. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu wengi wetu bado tunaona mamlaka ya kijiji kichwa chini miguu juu. Tunadhani mwenyekiti ndiye mwenye kijiji, halmashauri ni wasaidizi wake, na mkutano mkuu ni mahali pa kupewa matangazo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imepanga kinyume chake. Mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndicho chombo cha juu katika kijiji, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25 inafanya kazi kwa niaba ya mkutano huo na kuwajibika kwake. Mzee mmoja aliyepewa nafasi ya kuzungumza aliwakumbusha vijana kwamba kati ya mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa, na miaka ya mwanzo ya 1980, zilipokuwa zinarejeshwa, maamuzi mengi ya maendeleo yalishuka kutoka wilayani na mkoani, na kazi ya wanakijiji ikabaki kuyapokea. Alisema hayo kwa sauti ya chini, lakini ukimya uliofuata ulionyesha kwamba yamesikika.

Taarifa ya fedha ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mtendaji wa kijiji hakusoma jumla peke yake. Alisoma mstari kwa mstari, akianza na michango ya wananchi kwa kila kitongoji, kisha ushuru na faini, kisha fedha zilizopokelewa kutoka halmashauri ya wilaya, halafu akaingia kwenye matumizi ya ujenzi wa zahanati. Alipofika kwenye malipo ya mchanga, mama mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mkwaju, aliinua mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Tumesomewa kwamba mchanga umenunuliwa. Mchanga si tulisomba wenyewe kwenye msaragambo, tena na watoto tumewabeba mgongoni?"

Watu walianza kunong'ona. Mwenyekiti hakumkatisha wala hakumwambia aende ofisini siku nyingine. Alijibu, "Swali lako ni la haki, mama yangu. Mtendaji, tusaidie, na karatasi zije hapa mbele." Mtendaji alieleza kwamba mchanga wa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ulitumika kwenye msingi na kwenye jamvi, lakini ule uliobaki fundi mkuu aliukataa kwa ajili ya lenta, yaani mhimili wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kwa sababu ulikuwa umechanganyika na udongo wa kingo za mto, na mchanga wenye udongo unadhoofisha zege. Kamati ya ujenzi ikakubaliana na fundi, mchanga safi ukanunuliwa, na uamuzi huo umo kwenye muhtasari wa kikao. Stakabadhi ilipitishwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia yule mama, naye aliisoma kwa makini, akamwonyesha jirani yake, kisha akasema ameridhika, ila anaomba siku nyingine mchanga ukikataliwa waliousomba waambiwe mapema. Mkutano ulipokea ombi hilo, na sasa limo kwenye muhtasari kama agizo.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndilo linalobeba maana yote ya mradi huu. Swali liliulizwa hadharani, karatasi ikaonekana, na jibu likaandikwa. Kama karatasi ingekosekana, swali lile lile lingegeuka kuwa maneno ya kilabuni na ya kisimani, na mwezi wa Aprili tungekuwa tunazungumzia watu waliogoma kuchangia. Jioni ya siku ile ile wakazi wa vitongoji viwili vilivyokuwa nyuma katika michango walikwenda kwa wenyeviti wao wa vitongoji kuandikisha zamu zao za msaragambo.

Mkutano pia ulijadili kwa joto suala la kuwabana wasiochangia. Baadhi ya wajumbe walitaka watozwe faini papo hapo, wengine wakapendekeza mbuzi na kuku vikamatwe. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kila kaya yenye uwezo inawiwa kuchangia zahanati, lakini utaratibu una njia yake na njia hiyo lazima ifuatwe. Adhabu ya aina hiyo inahitaji sheria ndogo ya kijiji, ambayo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu, na haitumiki mpaka ipitishwe na halmashauri ya wilaya. Kukamata mali ya mtu bila sheria hiyo ni kumdhulumu, hata kama lengo ni jema. Mkutano ulikubali rasimu ya sheria ndogo iandaliwe, yenye kifungu kinachowasamehe wazee wasio na msaada, wagonjwa na watu wenye ulemavu, na iletwe mkutano wa robo ijayo. Kamati ya Fedha, Uchumi na Mipango ndiyo iliyokabidhiwa kazi hiyo.

Kuhusu siasa za mkutano wenyewe, kuna jambo moja la kusema wazi. Uchaguzi wa Novemba ulimalizika kwa Chama Cha Mapinduzi kutangazwa mshindi wa takriban asilimia 99 ya nafasi nchi nzima, huku vyama vya upinzani vikilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Maoni ya watu kuhusu matokeo hayo yanatofautiana, hata ndani ya familia moja. Lakini kwa kijiji ambacho halmashauri yake imetoka chama kimoja, mkutano mkuu unakuwa na uzito zaidi ya ule uliokuwa nao, kwa kuwa hapo ndipo mwanachama wa chama kingine, na asiye na chama kabisa, ana haki sawa na mwenyekiti ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Nilifurahi kuona kwamba miongoni mwa waliouliza maswali mazito tarehe 15 walikuwemo wanachama wa chama tawala wenyewe.

Boma la zahanati

Hili ndilo jambo linalowagusa watu kuliko mengine yote. Tangu Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi wa mwaka 2007, unaojulikana kwa kifupi kama MMAM, sera ya nchi imekuwa kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Katika vijiji vingi sera hiyo imetekelezwa kwa mgawanyo unaofahamika: wananchi wanainua boma, yaani kuta za jengo lisilo na paa, hadi lenta kwa nguvu zao na michango yao, kisha serikali inaleta fedha za kupaua na kumalizia. Sisi tumefika kwenye lenta. Zege lilimwagwa wiki ya kwanza ya Machi, na kwa wiki nzima iliyofuata wanawake wa kitongoji cha karibu walipokezana kulimwagilia maji asubuhi na jioni ili likomae bila kupasuka, kazi ambayo haionekani kwenye taarifa yoyote ya fedha lakini bila yake fedha yote ya saruji na nondo ingekuwa hatarini.

Kiwanja kiko kwenye mwinuko, mbali kidogo na barabara, na wapo wanaolalamika kwamba ni mbali. Sababu yake inafaa irudiwe kwa vijana ambao mwaka 2010 walikuwa bado wadogo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta lililokuwa linaukinga mji wa Kilosa, ukaondoa nyumba za maelfu ya watu na kukata njia ya reli ya kati. Familia nyingi ziliishi kwenye mahema kwa muda mrefu. Waliochagua kiwanja cha zahanati walikuwa wameyaona maji yale kwa macho yao, na walikataa katakata kujenga mahali ambapo dawa na vitanda vya kujifungulia vinaweza kuondoka usiku mmoja. Nadhani walifanya jambo la haki kwa watoto ambao hawajazaliwa, na kutembea dakika chache zaidi ni gharama ndogo.

Ujenzi unafanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa wananchi na mhandisi wa halmashauri ya wilaya badala ya kumpa mkandarasi. Utaratibu huu unategemea kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Katika miradi mingi ya vijijini kamati ya mapokezi ndiyo inayodharauliwa, watu wakidhani kazi yake ni kusaini tu. Nilikuwepo saruji ya mwisho ya lenta ilipoletwa. Katibu wa kamati hiyo, mama wa makamo ambaye kwa kazi yake ya kila siku ni mshonaji, alisimama kwenye mlango wa stoo akiwa na leja mkononi na hakuruhusu mfuko hata mmoja uingie kabla hajaugusa. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa umeingia maji pembeni na kuanza kuganda aliusukuma kando. Dereva alimwambia, "Mama, huo nao utafanya kazi." Alimjibu, "Mwanangu, utafanya kazi kwako. Hapa watazalia watu." Akaandika kwenye hati ya mapokezi idadi pungufu, dereva akasaini, na siku mbili baadaye muuzaji akaleta mfuko mwingine. Hakuna aliyegombana, na leja iko sahihi.

Tatizo kubwa la mwezi huu ni fedha za kupaua. Kijiji kiliomba kuingizwa kwenye orodha ya maboma ya kumaliziwa, na tuliambiwa kwa mdomo kwamba maombi yamepokelewa na kukubaliwa. Mpaka mwezi unakwisha hakuna barua iliyofika kijijini inayosema ni kiasi gani na kitaingia lini, wala kama kimo kwenye bajeti ya mwaka wa fedha unaoisha Juni au ule utakaoanza Julai. Mkutano mkuu uliagiza tusiendelee kutegemea maneno. Tulitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma na inamtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Barua iliandikwa kwa lugha ya heshima, ikiwa na maswali matatu tu: kama mradi umo kwenye bajeti, ni wa mwaka gani, na hatua inayofuata ni ya nani.

Haraka yetu ina sababu. Mvua za masika zimeanza, na boma lisilo na paa linanyeshewa kutoka juu. Tofali za kuchoma zinavumilia mvua kuliko tofali mbichi, lakini ukuta ukinyonya maji msimu mzima, chokaa na udongo kati ya tofali vinalegea, na mabonde yetu yana maboma ya miaka iliyopita yaliyosimama hivyo mpaka miti ikaota ndani. Kamati imefunika sehemu ya juu ya kuta kwa tabaka jembamba la saruji na kuchimba mtaro wa kutoa maji kwenye msingi. Hizo ni hatua za kuokoa muda, si za kukaa nazo.

Naandika pia kwa wale wanaosema kwamba tukishapaua tumemaliza. Jengo peke yake halitoi dawa. Zahanati inahitaji kusajiliwa, kupangiwa watumishi, kuingizwa kwenye mfumo wa dawa wa Bohari ya Dawa, kuwa na maji, vyoo, kichomea taka na nyumba ya mtumishi iliyo karibu, kwa kuwa mjamzito hachagui saa ya kuumwa uchungu. Kwa sasa akina mama wetu wanakwenda kujifungulia kijiji cha pili, na ukifika msimu huu safari hiyo inavuka korongo ambalo likijaa hakuna pikipiki inayopita. Mwezi huu mmoja wa vijana wetu wa bodaboda alisubiri maji yapungue akiwa na mjamzito na mkunga wa jadi ukingoni mwa korongo tangu usiku wa manane hadi alfajiri. Walivuka salama, na mtoto amezaliwa salama. Lakini kila aliyeisikia habari hiyo anajua kwamba ingeweza kwenda vingine.

Daftari la wapigakura

Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapigakura, ulioanzia Kigoma Julai 2024 na kuzunguka mikoa mingine, ulipita kwetu mwanzoni mwa mwezi. Mkanganyiko ulikuwa mkubwa, na ulikuwa wa haki. Watu walikuwa wamejiandikisha Oktoba 2024, wakauliza kwa nini waandikishwe tena. Orodha ya Oktoba iliandaliwa chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa peke yake. Daftari la Kudumu liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na ndilo litakalotumika kumchagua rais, mbunge na diwani mwezi Oktoba mwaka huu. Aliyekuwa kwenye orodha ya kwanza hahami kwenda ya pili moja kwa moja. Tulibandika maelezo haya kwenye ubao wa ofisi na kuyasoma msikitini na kanisani kwa ruhusa ya viongozi wa dini, na nashukuru kwamba vijana ambao watatimiza miaka 18 kabla ya siku ya uchaguzi walijitokeza, kwa kuwa wengi wao hawakujua kwamba nao wana haki ya kuandikishwa sasa.

Uchaguzi huo una athari nyingine kwa miradi yetu. Kabla ya uchaguzi mkuu mabaraza ya madiwani huvunjwa, na ahadi za diwani aliyemaliza muda wake hubaki bila mwenyewe iwapo hazimo kwenye mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tumeanza kuzikusanya ahadi zote zilizotolewa kijijini kwa miaka mitano na kuzitafutia muhtasari. Zile zenye muhtasari tutazipeleka kwenye kata kabla baraza halijavunjwa.

Maji na barabara

Vilula vyote vinatoa maji isipokuwa kimoja cha karibu na shule, ambacho koki yake imeharibika. Jumuiya ya watumia maji, inayosimamiwa chini ya RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, imesema vifaa vimeagizwa. Jumuiya nayo imeombwa isome mapato yake mbele ya mkutano mkuu ujao kama ilivyofanya halmashauri ya kijiji, na viongozi wake wamekubali.

Barabara ya kuelekea kata haipitiki kwa gari kwenye kalavati la pili. Vijana walizibua takataka zilizokuwa zimeziba mdomo wake, maji yakapungua, lakini kingo zimeliwa na kazi hiyo inahitaji TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini.

Mashamba na mifugo

Machi ni mwezi wa hatari. Mahindi yamefika magotini, mpunga uko mabondeni, na nyasi za malisho ziko kandokando ya mashamba. Kilosa inaijua gharama ya kuacha mambo haya yafike pabaya. Desemba 2000 kule Rudewa Mbuyuni mgogoro wa wakulima na wafugaji uliondoa uhai wa watu zaidi ya 30, na wapo kijijini kwetu waliozika ndugu zao.

Mwezi huu ng'ombe waliingia kwenye shamba la mahindi usiku. Mwenye shamba aliamka na hasira, na majirani wake walikuwa tayari na mapanga. Mwenyekiti wa kitongoji aliwazuia, akampigia simu mzee wa wafugaji, naye akafika kabla jua halijapanda. Afisa ugani wa kata alipima eneo lililoliwa na kuandika tathmini, pande zote mbili zikaisaini. Shauri likapelekwa kwenye baraza la ardhi la kijiji, chombo cha usuluhishi ambacho kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 kina wajumbe saba, wasiopungua watatu kati yao wakiwa wanawake. Mzee wa wafugaji alizungumza kwanza. "Ndugu zangu, ng'ombe ni wetu na kosa ni letu. Kijana aliyekuwa anachunga alilala. Tutalipa kilichoandikwa, ila naomba na nyinyi mtuonyeshe njia ya kwenda mtoni, kwa sababu ile ya zamani imelimwa." Mwenye shamba alikubali malipo kwa awamu mbili. Suala la njia ya mifugo halikuisha hapo, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha jambo zima. Njia ya kunyweshea ilikuwepo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na sehemu yake imelimwa na watu ambao hakuna muhtasari wa mkutano mkuu unaoonyesha walipewa na nani. Halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo kila aliyelima hapo ataombwa alete uthibitisho. Litakuwa zoezi gumu, kwa sababu baadhi ya waliolima ni watu wenye sauti kijijini. Nitaliandika jinsi litakavyokwenda bila kumpendelea yeyote.

Maisha ya kijiji

Ramadhani na Kwaresima kwenda pamoja kumeleta utulivu ambao wengi wameuzungumzia. Jioni nyingi sahani za futari zilivuka kutoka nyumba hadi nyumba bila kuuliza dini ya mtu. Tulizika wazee wawili mwezi huu, na katika misiba yote miwili msaragambo wa zahanati ulisimamishwa kwa makubaliano ya wote.

Kikundi cha wanawake wafuma mikeka na wafuga kuku kimekamilisha usajili na kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu katika usimamizi na urejeshaji, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya, na akina mama wameusoma utaratibu huo kipengele kwa kipengele kabla ya kujaza fomu. Vijana bado hawajaunda kikundi. Wapo watatu wenye nia, wanatafuta wenzao.

Shuleni uji unaendelea kupikwa kwa mahindi ya wazazi. Akiba itafika katikati ya Aprili, na kamati ya shule imeomba kila mzazi amalizie sehemu yake sasa, kabla njia hazijaharibika.

Hali ya mradi wenyewe

Ubao wa matangazo wa ofisi sasa una sehemu iliyotengwa kwa ajili ya maamuzi ya mkutano mkuu, na taarifa ya mapato na matumizi ya robo hii imebandikwa ikiwa na muhuri wa kijiji. Nakala zimepelekwa kwa wenyeviti wa vitongoji vyote ili wasioweza kutembea hadi ofisini wasomewe majumbani. Wanafunzi wawili wa kidato cha nne wamejitolea kuwasomea wazee siku za Jumapili, na tayari wazee hao wameleta masahihisho mawili ya majina ya maeneo kwenye rejista ya ardhi, masahihisho ambayo hakuna mtu mwingine angeyaona.

Rejista ya maamuzi imefika hatua ya kutumika. Kila uamuzi una safu ya tarehe, aliyekabidhiwa, muda wa kukamilisha na hali ilivyo. Maamuzi ya tarehe 15 yameingizwa yote. Ya miaka ya nyuma yanaingizwa pole pole, kwa kuwa mihtasari mingine imeandikwa kwenye karatasi zilizoliwa na mchwa na inabidi kuwatafuta waliohudhuria ili wathibitishe kilichoamuliwa.

Kwa Aprili kazi zilizo mbele ni rasimu ya sheria ndogo ya michango, uhakiki wa njia ya mifugo, ahadi za diwani na taarifa ya jumuiya ya maji. Barua ya kuomba taarifa za fedha za kupaua boma ilipokelewa katika ofisi husika na kugongwa muhuri tarehe 24 Machi, kwa hiyo siku 30 zinaisha tarehe 23 Aprili. Nakala yake iko kwenye ubao, chini ya taarifa ya fedha, na jibu likifika litabandikwa kando yake siku hiyo hiyo. Lisipofika, halmashauri ya kijiji imeshaazimia kwamba wajumbe watatu, pamoja na katibu wa kamati ya mapokezi na leja yake, watakwenda wilayani kulifuata.